Bendera ya Jamaika: yanayosemwa na yalivyo

"Rangi zile ni za Marasta." Ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na vikuku vinavyouzwa ufukweni vimeichochea. Rangi za Marasta ni nyekundu, njano na kijani, asili yake Ethiopia. Bendera ya Jamaika haina uzi mwekundu hata mmoja: ni nyeusi, dhahabu na kijani. Tangu Mauritania iongeze mistari myekundu kwenye yake mwaka 2017, Jamaika ndiyo nchi pekee ambayo bendera yake haina nyekundu, nyeupe wala buluu.

"Inafanana na ya Tanzania kwa sababu mmoja alimwiga mwenzake." Kilichotokea ni kinyume chake. Mchoro wa awali wa Jamaika ulikuwa na mistari ya kulala, ukaonekana kushabihiana mno na bendera ya Tanganyika, iliyokuwa imepata uhuru Desemba 1961. Ndipo dhahabu ikapitishwa mshazari, kona kwa kona, ikawa X. Bendera hiyo ilipandishwa Agosti 6, 1962. Kichekesho ni kwamba miaka miwili baadaye, Tanganyika ilipoungana na Zanzibar, Tanzania nayo ikalaza mstari wake mshazari!

"Nyeusi ni taabu." Hiyo ni tafsiri ya 1962: taabu zipo, lakini nchi ni ya kijani na jua linawaka. Mwaka 1996 ilibadilishwa. Sasa nyeusi ni nguvu na ubunifu wa watu, dhahabu ni utajiri wa asili na uzuri wa jua, kijani ni matumaini na rasilimali za kilimo.

"Kijani kimepewa nafasi kubwa kuliko nyeusi." Macho yanadanganya. Uwiano wa bendera ni 1:2, kwa hiyo chukua kitambaa cha sentimita 90 kwa 180. Kabla ya kuweka dhahabu, kila pembetatu ya kijani ina kitako cha 180 na kimo cha 45. Ya nyeusi ina kitako cha 90 na kimo cha 90. Zote ni sentimita za mraba 4,050, na mikono ya X ikiwa na upana mmoja, inazipunguza sawasawa.

Wanaokosea sana ni wachapaji wanaokata 100 kwa 150, wakidhani bendera zote zina uwiano mmoja. X inasimama kupita kiasi. Kuhusu kuipandisha kichwa chini, usihangaike, inabaki ile ile. Ila ukiizungusha robo, nyeusi inakwenda juu na chini, mahali pa kijani.