Mto Klamath: Yanayosemwa na Yaliyofanyika Kingoni

Mto Klamath unaanzia kusini mwa jimbo la Oregon, unakatisha milima ya kaskazini mwa California na kumwaga maji yake katika bahari ya Pasifiki, safari ya kilomita zipatazo 400. Kati ya mwaka 2023 na 2024 mabwawa manne ya umeme yaliyouziba yalibomolewa. Lilitangulia Copco namba 2, yakafuata Copco namba 1, Iron Gate na J.C. Boyle. Picha za baruti na maji ya tope zilizunguka dunia nzima. Kilichofuata hakikupigwa picha nyingi: watu wameinama kwenye udongo, msimu baada ya msimu, wakiurudishia mto majani na miti yake. Na kwa kuwa wachache waliiona kazi hiyo, imezushiwa mengi.

"Makabila yaliitwa kubariki tu, kazi ni ya wataalamu"

Hapa hata neno letu linachangia kutupoteza. Kwetu kabila ni asili ya mtu na lugha yake. Halina hazina, halina mahakama. Kabila la Wayurok, kubwa kuliko yote ya California kwa idadi ya wanachama, ni serikali kamili. Lina baraza linalopigiwa kura, lina polisi na mahakama, lina idara ya uvuvi yenye wanabiolojia wake, na lina kampuni ya ujenzi yenye kuendesha makatapila. Wakaruk, majirani zao wa juu ya mto, nao wana idara zao. Hao si watu wa kuletwa siku ya sherehe.

Bila wao mabwawa yale yangekuwapo mpaka leo. Septemba 2002 maji ya mto yalipungua, yakapata joto, ugonjwa ukaenea, na samaki wasiopungua 34,000, wengi wao samoni wakubwa waliokuwa wakipanda mto kutoka baharini kwenda kutaga, wakafa na kuelea karibu na mlango wa mto. Amy Bowers Cordalis, Myurok, alikuwa mwanafunzi akifanya kazi ya msimu katika idara ya uvuvi ya kabila lake, na aliyaona maiti yale kwa macho yake. Alikwenda kusomea sheria, akarudi kuwa mwanasheria mkuu wa kabila. Mwaka 2004 wajumbe wa makabila walipanda ndege hadi Scotland kuwakabili wanahisa wa kampuni iliyokuwa inamiliki mabwawa wakati huo. Waliendelea hivyo kwa miaka ishirini, mkutano hadi mkutano.

Upandaji wa kingo nao uliongozwa na Joshua Chenoweth, mwikolojia ambaye kabla ya hapo alifanya kazi hiyohiyo kwenye mto Elwha, jimbo la Washington, ambako kabila la Lower Elwha Klallam lilipigania mabwawa mawili yabomolewe, mpaka yakaondolewa kati ya 2011 na 2014. Chenoweth ameajiriwa na Wayurok. Mtaalamu yupo, naam, lakini mwajiri wake ni kabila.

"Bomoa bwawa, mto utajitibu wenyewe"

Dhana hii naisikia hata kwa watu wanaopenda mazingira kwa dhati, na ndiyo inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu inafuta jasho la watu.

Maji ya mabwawa yalipofunguliwa Januari 2024, ilibaki ardhi tupu ya takriban hekta 890. Si ardhi ya kawaida. Ni tope laini lililotulia chini ya maji kwa miongo mingi; bwawa la Copco namba 1 lilikuwa pale tangu 1918. Tope kama hilo likipigwa na jua linapasuka vipande vipande kama chungu kilichoharibika tanuruni. Na pembeni, kwenye miteremko, magugu yalikuwa tayari yanasubiri: mbaruti wa manjano na nyasi kali zenye asili ya nchi za Mediterania, mimea inayoota haraka, inayokausha udongo na ambayo mifugo haiitaki. Ukiiacha ardhi hiyo wiki chache tu, wa kwanza kufika ndiye mwenye nyumba.

Ndiyo maana kazi ilianza miaka mitano kabla. Tangu 2019 vikosi vya Wayurok vilipita vilimani na mabondeni kuzunguka mabwawa vikichuma mbegu kwa mkono. Kuchuma mbegu za porini kunataka macho. Kila mmea una siku zake: ukiwahi, mbegu ni changa na haitaota, ukichelewa, upepo umekwisha kuzipukutisha. Unarudi kwenye kichaka kilekile mara tatu, unabana kikonyo kwa vidole viwili, unasikiliza kama kinakatika kwa mlio mkavu. Mbegu zilizochumwa hazikutosha hata kidogo, kwa hiyo zilipelekwa mashambani na kwenye vitalu zikazalishwa upya mpaka zikawa mabilioni. Hesabu inayotajwa ni kati ya bilioni 17 na 19, za aina karibu 100. Tope lilipoanza kuonekana, watu waliingia nalo likiwa bado bichi, wakamwaga mbegu kwa mkono. Kwenye miteremko isiyofikika zilimwagwa kwa helikopta. Masika ya mwaka uleule wa 2024, sakafu ya bwawa la Iron Gate ilikuwa na maua ya rangi ya chungwa yaliyotandaa mahali ambapo miezi michache nyuma mashua zilipita.

"Mti ni mti, alimradi ni kijani"

Anayejua mikaratusi iliyopandwa kando ya vijito vyetu, na jinsi vijito hivyo vilivyonywewa, hahitaji kuelezwa sana. Ukingo wa mto una mahitaji yake. Kwenye Klamath na vijito vyake mti unaotafutwa kwanza ni mwerebi. Unakatwa wakati wa baridi, ukiwa umelala, fimbo unene wa kidole gumba au zaidi. Unachongwa ncha upande wa shinani (ukigeuza juu chini hautashika) na kupigiliwa ardhini mpaka ncha ifike kwenye unyevu wa kudumu. Juu kinabaki kipande kifupi tu, na mtu akipita anaweza kudhani ni vigingi vya uzio. Majira ya joto yakija, mizizi imeshaanza kushika udongo wa ukingo.

Kivuli chake ndicho kinachopoza maji, na kwa samoni digrii chache za joto ni uhai au kifo, kama ilivyoonekana 2002. Majani yakianguka majini yanalisha wadudu, na wadudu wanalisha vifaranga vya samaki. Hata mti ukifa na kulalia mto una kazi: maji yanachimba kidimbwi nyuma yake, na samaki wadogo wanajificha humo mkondo ukiwa mkali. Nyasi vamizi haziwezi hata moja ya hayo.

"Wakulima wamepokonywa maji"

Hapana. Mabwawa manne yaliyobomolewa yalikuwa ya umeme, na umeme wake ulikuwa chini ya asilimia 2 ya uwezo wa kampuni iliyoyamiliki. Maji ya umwagiliaji ya bonde la juu yanatoka Ziwa Upper Klamath, ambalo liko juu ya mabwawa hayo, na mabwawa ya Link River na Keno yanayohusika na maji hayo bado yamesimama.

"Tope liliua samaki, kwa hiyo zoezi zima limefeli"

Kuna tukio la kweli nyuma ya maneno haya. Mwishoni mwa Februari 2024 idara ya wanyamapori ya California iliachia mtoni vifaranga vya samoni wapatao 830,000 kutoka kituo cha kuzalishia samaki, na idadi kubwa ikafa. Idara yenyewe ilieleza chanzo: vifaranga walipitishwa kwenye handaki la chini ya bwawa la Iron Gate, ambalo halikuwa limevunjwa bado, na badiliko la ghafla la mgandamizo likawatia viputo vya gesi mwilini. Waliofuata waliachiwa chini ya bwawa. Tope lilileta shida miezi ile, na hilo lilitarajiwa. Lakini tarehe 16 Oktoba mwaka uleule samoni walionekana Oregon, katika kijito kilicho juu ya mahali liliposimama bwawa la J.C. Boyle. Hawakuwa wamefika sehemu hiyo tangu 1912.

"Kuhifadhi ni kuacha bila kugusa"

Waulize wasusi wa vikapu. Kikapu cha kubebea mtoto cha Wakaruk na Wayurok hufumwa kwa vijiti vya heseli, na heseli iliyoachwa tu inakuwa kichaka kilichopinda, chenye matawi ovyo na tundu za wadudu. Inapochomwa kwa moto mdogo wa chini, msimu unaofuata inatoa fito zilizonyooka na ndefu zinazokunjika bila kuvunjika. Mierebi nayo, kadiri inavyokatwa ndivyo inavyochipua. Moto huo ulikuwa kazi ya kila mwaka mpaka ulipowekewa vikwazo na sheria ya California ya mwaka 1850. Hivi sasa Wakaruk wanaurudisha.

Na kuna jambo dogo ambalo mpangaji wa ofisini asingelijua: msusi hushika kijiti kwa meno huku vidole vikifanya kazi, na wakati mwingine hulibandua ganda kwa meno hayohayo. Ukingo ukinyunyiziwa dawa ya kuua magugu, dawa hiyo inaishia mdomoni mwake. Kwa hiyo swali la kung'oa gugu au kulipulizia si la gharama peke yake.

"Samoni wamerudi, basi kazi imekwisha"

Mialoni iliyopandwa kwa mbegu kwenye sakafu ya mabwawa itachukua miongo kabla ya kutoa kivuli cha mtu kupumzika. Magugu yanarudi kila mwaka, na watu wanarudi kila mwaka kuyang'oa. Mwaka 2024 gavana wa California alitangaza kuwarudishia Washasta hekta zipatazo 1,130 za bonde lao walilopokonywa ili bwawa la Copco lijengwe. Ardhi hiyo inahitaji kupandwa upya, na safari hii ni wao watakaoamua nini kioteshwe wapi. Juu zaidi, makabila ya Klamath yalitia saini mkataba na Marekani mwaka 1864 uliowaachia haki ya kuvua. Karne nzima haki hiyo ilibaki kwenye karatasi, samoni wakiwa wamezuiliwa chini. Kati yao na mto ulio wazi yamesalia mabwawa ya Keno na Link River, na vijito vya huko juu, vilivyokanyagwa na ng'ombe mpaka kingo zikalala, vinasubiri mierebi yake.