Odsal si bonde la asili

Wapenzi wengi wa raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 kila upande, wanaamini kuwa uwanja wa Odsal mjini Bradford, kaskazini mwa Uingereza, ni bonde la asili: maumbile yalichonga bakuli, watu wakaja kupanda nyasi na kusimika magoli. Ni rahisi kuamini hivyo. Ukifika pale unaingia kwa juu, kisha unateremka ngazi baada ya ngazi hadi usawa wa nyasi.

Ukweli ni kwamba palikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa, kisha dampo. Taka za majumbani zilimwagwa kwa mpango, zikapangwa pembeni hadi zikawa kingo za kusimama watazamaji. Uwanja ulifunguliwa 1934. Mwaka 1954, fainali ya kombe iliyorudiwa hapo iliingiza watu 102,569 kwa hesabu rasmi, wengi wakiwa wamesimama juu ya kilichokuwa takataka za jikoni za Bradford. Kwangu mimi historia hii inapendeza kuliko ile ya bonde, maana jasho la wafanyakazi wa usafi limo humo.

Ukitaka kuhakikisha, usitegemee tovuti zinazonakiliana neno kwa neno; hizo ni shahidi mmoja tu. Tafuta ramani za zamani, nyingi ziko bure mtandaoni. Weka ya kabla ya 1934 kando ya picha ya setilaiti ya leo, usome maandishi madogo pale ulipo uwanja.