Je, wajua bakteria wa kichomi huupenyaje ukuta wa njia ya hewa?

Mtazame mtoto wa miaka miwili anayecheza uani, makamasi yakimchuruzika hadi mdomoni. Hana homa, anakula, anapiga kelele. Ndani ya pua hiyo huenda wamo nyumokokasi, bakteria walewale wanaoleta kichomi, au nimonia kama waitavyo hospitalini. Wanaweza kukaa humo wiki nyingi, wapangaji wasio na usumbufu. Kinachowafanya siku moja wavunje ukuta ni nini?

Ukuta wenyewe si wa mchezo. Njia ya hewa imetandikwa seli zilizobanana, nyingi zikiwa na vinyweleo vidogo mno, kama 200 kwa kila seli, vinavyopiga kasia mara 10 hadi 20 kwa sekunde. Juu yake umelala ute. Vumbi na vijidudu vikinasa, vinyweleo huusukuma ute hadi kooni, nasi tunaumeza. Ndiyo, kutwa tunameza makohozi bila habari.

Nyumokokasi amejivika koti la sukari linaloteleza, kwa hiyo ute haumnasi vizuri. Ana kimeng'enya cha kunyoa sukari zilizofunika seli, akapata pa kushikia. Kisha kuna sumu yake, nyumolisini: chembe zake hushikana duara juu ya utando wa seli na kuutoboa. Vinyweleo huzubaa, seli huvuja na kufa. Wapo pia wasiotoboa chochote. Hujibandika kwenye seli, nayo ikawameza na kuwatemea upande wa pili, kuliko na damu.

Ila mara nyingi mlango hufunguliwa na mgeni mwingine. Virusi vya homa ya mafua huua seli zenye vinyweleo, tena hunyoa sukari zilezile, bakteria wakazila na kuongezeka. Mgonjwa aliyekwisha anza kupata nafuu hushtukia homa imepanda upya, mbavu zikimchoma kila avutapo pumzi. Katika janga la mafua la 1918, wengi waliokufa walimalizwa na bakteria waliofuata nyuma ya virusi.

Chanjo ambayo Kenya ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2011 huufundisha mwili kulitambua lile koti. Aina za makoti zinapita 90. Chanjo hiyo ilibeba 10. Watafiti wa Kilifi walipochunguza pua za watu baadaye, aina hizo zilikuwa zimepungua kwa watoto, na hata kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa.