Neno "summer": yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wanaojifunza Kiingereza hudhani mara nyingi kwamba neno "summer" limetokana na "sun", yaani jua, kwa kuwa majira yenyewe ni ya joto na maneno hayo mawili yanakaribiana kwa sauti. Dhana hiyo si sahihi. Katika Kiingereza cha kale jua liliitwa "sunne" na majira hayo "sumor", na kila neno lina mzizi wake. Ndugu wa kweli wa "sumor" ni "Sommer" la Kijerumani, "zomer" la Kiholanzi na, kwa mbali zaidi, "samā" la Kisanskriti (lugha ya kale ya India), lenye maana ya mwaka au majira.

Wengine huamini kwamba Waingereza wamekuwa na majira manne tangu zamani. Mtawa Bede wa Northumbria, ufalme wa kale wa kaskazini mwa Uingereza, akiandika mwaka 725, alieleza kwamba wahenga wake waliugawa mwaka katika sehemu mbili tu, na miezi sita ambayo mchana huwa mrefu kuliko usiku ndiyo iliyoitwa "summer". Ni jambo la thamani kubwa kulijua, kwa sababu ndipo tunapoelewa kwa nini watu wa Iceland huadhimisha siku ya kwanza ya majira hayo mwezi Aprili, baridi ikiwa bado ipo, na kwa nini tarehe 24 Juni huitwa katikati ya majira hayo ilhali kalenda nyingi husema yanaanza Juni 20 au 21.

Boriti kuu ya nyumba za kale za Uingereza, inayoitwa pia "summer", haihusiani na majira hata kidogo: jina lake lilipitia Kifaransa cha kale, ambamo lilimtaja mnyama wa kubeba mizigo.

Dhana iliyo karibu nasi zaidi ni kwamba "kiangazi" ni tafsiri kamili ya "summer". Kiangazi ni wakati wa ukavu, mvua zinapokatika, wala si lazima kiwe cha joto. Nchini Tanzania miezi ya Juni hadi Agosti ni ya kipupwe, yaani ya baridi, na huko Makete, kwenye nyanda za juu za kusini, watu huamka wakikuta jalidi (umande ulioganda) mashambani, ilhali joto kali la pwani huja kati ya Desemba na Machi, wakati wa kaskazi. Kwa hiyo mfasiri anayezungumzia Julai ya London afadhali aandike "majira ya joto".