Dhahabu ya Zimbabwe mwaka 1980: ligi ya timu sita isiyokuwa na fainali

Kila yanapotajwa mashindano ya mpira wa magongo (hoki) ya wanawake ya Olimpiki ya Moscow, kauli ni ileile: Zimbabwe walipewa dhahabu ya bure kwa sababu vigogo walisusia. Nimekaa miaka mingi kwenye mchezo huu, kwanza kama mwamuzi na sasa kama kocha, na kauli hiyo hunikera. Nusu yake ni kweli. Nusu ya pili husemwa na watu ambao hawajautazama msimamo wa ligi ile hata mara moja.

Nusu ya kweli ni hii. Magongo ya wanaume yaliingia Olimpiki London mwaka 1908. Wanawake walisubiri miaka 72, na zamu yao ilipofika ikagongana na mgomo ulioongozwa na Marekani kupinga majeshi ya Umoja wa Kisovieti kuingia Afghanistan. Uholanzi, mabingwa wa dunia wa 1978, hawakwenda. Ujerumani Magharibi, mabingwa wa 1976, nao hawakwenda. Nafasi zikabaki wazi, na mwaliko ukatumwa Zimbabwe zikiwa zimesalia wiki chache tu.

Nchi yenyewe ilikuwa changa: uhuru ulipatikana tarehe 18 Aprili 1980, Michezo ikafunguliwa tarehe 19 Julai. Kabla ya hapo, ikiitwa Rhodesia, ilikuwa imetengwa na michezo ya dunia, na wachezaji wake wa magongo walizoea kukutana na majirani zao wa Afrika Kusini, ambao nao walikuwa wametengwa. Kwa hiyo walikuwa na mchezo mikononi ila hawakuwa na jina. Kikosi kilikuwa cha wachezaji 16, nahodha Ann Grant, na wote walikuwa wazungu, katika nchi ambayo watu wake walio wengi mno ni weusi. Viwanja, makocha na magongo vilikuwa kwenye shule na klabu za wazungu, na timu ya taifa ikatoka humohumo. Anayeisimulia dhahabu hii bila kulitaja jambo hilo anaisimulia nusunusu.

Sasa tuingie uwanjani, maana huko ndiko ninakotaka watu waangalie.

Mechi za Moscow zilichezwa kwenye nyasi bandia, na Zimbabwe walikuwa wamekulia kwenye nyasi za kawaida. Asiyewahi kushika gongo anaweza kuona hilo ni jambo dogo. Si dogo hata kidogo. Kwenye nyasi za kawaida mpira unadunda, unakwama, unabadili njia. Mchezaji anajifunza kuupokea gongo likiwa limesimama wima, mwili ukiwa nyuma yake kama ukuta wa akiba, kwa sababu hajui utamfikia kwa urefu gani. Pasi anaipiga kwa nguvu, maana nyasi zitaila njiani. Ukimhamishia mchezaji huyo kwenye nyasi bandia, pasi yake ileile inampita mwenzake na kutoka nje. Mpira unakuja kasi, umenyooka, na kugusa kwa kwanza ndiko kunakoamua kila kitu: ukiuacha utoke kwenye gongo kwa nusu mita, mpinzani ameshauchukua. Kumbuka pia kwamba gongo lina upande mmoja tu bapa unaoruhusiwa kupigia, na hakuna gongo la mtu wa mkono wa kushoto. Kwa hiyo mpira ukija upande wa kushoto wa mwili, lazima ugeuze gongo au usogeze miguu. Kwenye uwanja wa kasi, nafasi ya kufanya hivyo ni kufumba na kufumbua.

Mimi huwapa wachezaji wangu muda mrefu kuzoea badiliko hilo, na bado wapo wanaohangaika. Wale walilizoea mashindanoni, na mechi tano zilipangwa ndani ya siku saba, 25 hadi 31 Julai.

Matokeo yao ni haya: Poland 4-0, Czechoslovakia 2-2, Umoja wa Kisovieti 2-0, India 1-1, Austria 4-1. Mabao 13 wamefunga, 4 wamefungwa, hakuna mechi waliyopoteza. Ile ya wenyeji ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Kumfunga Mrusi kwake 2-0 bila kuruhusu bao, kwenye uwanja ambao wewe ndiye mgeni wake, ni kazi ya mabeki waliojua kusimama mahali pao. Bao la magongo halihesabiki mpaka mpira upigwe na mshambuliaji ndani ya nusu duara iliyo mbele ya goli, kwa hiyo beki mzuri hazuii goli, anazuia mtu asiingie kwenye duara akiwa na mpira. Timu inayofungwa mabao manne kwa mechi tano imeifanya kazi hiyo vizuri.

Kisha kuna muundo wa mashindano, ambao wengi huuruka. Timu zilikuwa sita, kila moja ilicheza na nyingine zote, ushindi pointi 2, sare pointi 1, na mwenye pointi nyingi ndiye bingwa. Hakuna nusu fainali, hakuna fainali. Mwisho msimamo ulisomeka hivi: Zimbabwe 8, Czechoslovakia 7, Umoja wa Kisovieti 6, India 5, Austria 4, Poland 0. Tazama jinsi walivyobanana. Sare moja na Austria siku ya mwisho ingewafanya Zimbabwe wawe na pointi 7, sawa na Czechoslovakia. Kufungwa kungewashusha chini yao kabisa. Ligi ya namna hii haikupi nafasi ya kujificha: huwezi kuboronga mapema ukajisahihisha kwenye mtoano, na huwezi kubebwa na siku moja nzuri.

Wanaume, kwenye Michezo hiyohiyo na wakiwa timu sita vilevile, walikuwa na fainali, na India wakawafunga Uhispania 4-3. (Tanzania walikuwemo upande huo, na India waliwapiga 18-0. Namkumbusha hilo kila anayedhani mwaliko wa Moscow pekee ulitosha kuifanya timu ishindane.) Kama wanawake nao wangekuwa na fainali, Zimbabwe wangerudiana na Czechoslovakia, timu waliyotoka nayo sare. Huenda historia ingeandikwa vingine. Lakini sheria iliyokuwepo ilipima mechi zote tano, na kwa kipimo hicho walikuwa juu ya wote waliokuja. Kama wangewaweza Uholanzi, hilo ni suala jingine, na sioni haki kulitumia kuwanyang'anya walichokifanya.

Nyumbani waliitwa Wasichana wa Dhahabu. Magongo ya wanawake ya Zimbabwe hayajarudi Olimpiki tangu hapo, na nchi haikuona medali nyingine ya Olimpiki mpaka mwogeleaji Kirsty Coventry alipoingia kwenye bwawa la Athens mwaka 2004.

Muundo ule wa ligi ulitumika tena Los Angeles mwaka 1984, na safari hii vigogo walikuwepo: Uholanzi dhahabu, Ujerumani Magharibi fedha. Marekani na Australia walilingana kwenye nafasi ya tatu, ikabidi wapigiane penalti, na Marekani wakashinda 10-5. Seoul 1988 timu zikawa nane, zikagawanywa makundi mawili, ikaja nusu fainali, na dhahabu ya wanawake ikaanza kuamuliwa kwa fainali.