Je, lugha tatu ndani ya nyumba humchelewesha mtoto kusema?

Kaa kwenye baraza lolote la Kadutu, hapa Bukavu, utalisikia shtaka hili. Mtoto anakaribia miaka mitatu, mashavu yameisha, na bado hasemi kama binamu yake. Bibi humsemesha kwa Mashi, mama kwa Kiswahili, baba kwa Kifaransa kwa sababu ameshaanza kuwaza shule. Hukumu hutoka kwa bibi: "Munamuchanganya mutoto kichwa!"

Kwa heshima zote, bibi amekosea. Watoto wanaolelewa katika lugha mbili au tatu huanza kusema katika umri uleule wa wenzao. Sisi wakubwa ndio tunaokosea hesabu. Mama anahesabu Kiswahili tu, wakati mtoto huomba maji kwa bibi kwa kusema "amishi", na neno la viatu analijua kwa Kifaransa pekee. Jumlisha yote. Akifika miaka miwili, tunatarajia maneno kama 50 na mwanzo wa kuyaunganisha: "taka maji", "baba kwenda". Na Kiswahili kina ujanja wake: "sitaki" ni neno moja, lakini ndani yake kuna mtu, kukataa na kutaka. Siku atakapomwambia mgeni kwamba mdogo wake "hataki", ujue ameshaanza kuifungua sarufi.

Kabla ya kuilaumu lugha, chunguza masikio. Baada ya mafua, maji yanaweza kubaki nyuma ya kiwambo cha sikio kwa wiki kadhaa bila maumivu, na mtoto akasikia kama aliyezamisha kichwa ziwani. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, usipige makofi. Hata akigeuka, kama ana miaka miwili na haunganishi maneno mawili, mpeleke apimwe. Aliyekuwa anasema kisha akanyamaza asingojeshwe hata kidogo. Ulimi uliofungwa, ambao majirani hukimbilia kutaka ukatwe, unaweza kuharibu matamshi ya sauti fulani, lakini si sababu ya mtoto kukosa maneno.

Na mashavu je? Mwaka wa kwanza uzito huongezeka mara tatu. Baada ya miaka miwili, mtoto huongeza kilo mbili hivi kwa mwaka mzima, na urefu sentimita sita hadi nane. Ndiyo maana hamu ya kula hupungua na mafuta ya utoto huisha. Hata magoti kugusana kwenye miaka mitatu ni kawaida, na kwa kawaida hunyooka kufikia miaka saba.

Ila jicho hudanganya. Mtoto mfupi kupita umri wake anaweza kuonekana mnene na mwenye afya, hasa akishibishwa bugali ya muhogo bila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wala maharagi. Wamama wengi huacha CPS, yaani kliniki ya kupima watoto wadogo, baada ya chanjo ya surua ya miezi tisa, wakati upimaji huo ni wa mpaka miaka mitano. Muuguzi huzungusha utepe wa rangi wa kupima utapiamlo katikati ya mkono wa juu wa kushoto: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na matibabu huanza mara moja. Kutoka hapo hadi 12.5 ni njano. Ukienda, omba apimwe urefu pia, akisimama bila viatu, na namba iandikwe kwenye kadi. Mwezi ujao utamlinganisha na namba hiyo, binamu abaki kwao.