Je, wajua kwa nini mkojo hubana ukikaa baharini?

Ingia bahari ya Mikindani, maji yakufike shingoni, utulie humo. Saa haiishi mkojo umeshabana, hata kama hukunywa kitu.

Jibu jepesi ni kwamba maji yamepenya kwenye ngozi. Hapana. Maji ya bahari yana chumvi zaidi ya mara tatu ya damu. Ngozi ingekuwa inapitisha maji, yangetoka mwilini kwenda baharini, si kuingia. Jibu la pili ni baridi, nalo lina ukweli kiasi, maana baridi husukuma damu ya ngozini iende ndani. Lakini watafiti wamewaketisha watu kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 34 au 35, wasihisi baridi yoyote, na mkojo ukaongezeka vilevile.

Kazi yote huanzia kwenye uzito wa maji. Huikandamiza miguu na tumbo, damu ya huko ikapanda kifuani, takriban mililita 700. Moyo hutanuka, na mishipa ya fahamu iliyo kwenye kuta zake hupeleka habari ubongoni kwamba damu imezidi. Haijazidi hata tone, imehama tu! Ubongo huamini hivyohivyo.

Figo huchuja takriban lita 180 kwa siku, kisha hurudisha karibu zote mwilini pamoja na chumvi yake. Mishipa ya fahamu inayofika figoni ni kama mlinzi wa jaruba la chumvi, aliyeziba mfereji kwa udongo ili maji yasirudi baharini. Akikaza, figo hushikilia sodiamu na kumwaga renini, kemikali inayouhimiza mwili uzuie chumvi zaidi. Akiambiwa jaruba limejaa, habomoi ukuta; hulegeza udongo kidogo, chumvi ikatoka, maji yakaifuata. Claude Bernard wa Ufaransa aliona jambo hili mwaka 1859: alipomkatia mnyama mishipa ya fahamu ya upande mmoja, mkojo wa figo ya upande huo uliongezeka.

Hata hivyo mlinzi huyo hayuko peke yake. Moyo uliotanuka hutoa homoni yake ya kuondoa sodiamu, na ubongo hupunguza homoni inayozuia maji. Figo iliyopandikizwa, ambayo mishipa yake ya fahamu imekatwa, bado hupanga chumvi na maji vizuri.

Mzamiaji wa pweza akitoka majini, damu hurudi miguuni, na hapo ndipo upungufu hujulikana. Kiu anayoisikia ni ya maji aliyoyapoteza kweli.